Kutabiri mashapo na kuandika mlinganyo halisi wa ayoni, hatua kwa hatua

Mitihani ya vitendo ikikaribia, maswali huwa yale yale. Nitajuaje kama mashapo (yabisi inayojitenga miyeyusho miwili ikichanganywa) yatatokea? Ayoni (chembe zenye chaji) zipi zinakatwa na zipi zinabaki? Kwa nini jibu langu lina namba 3 mbele na la mwalimu halina? Nimeyajibu mara nyingi vipande vipande, sasa nayaweka pamoja. Hata kama darasani mnasoma kwa Kiingereza, fomula ni zile zile na kazi ni ile ile.

Wengi wanaokwama hapa hawashindwi na hesabu. Wanakimbilia kuandika mazao ya mmenyuko kabla ya kujiuliza ndani ya chupa kuna nini. Chupa ikiandikwa NaCl(aq), yaani NaCl iliyoyeyuka majini, ndani yake huwezi kukuta NaCl. Kuna Na⁺ na kuna Cl⁻, kila moja inaelea kivyake ndani ya maji. Ukilikubali hilo kwa dhati, nusu ya kazi imekwisha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, ayoni na chaji zake. Hizi hazina njia ya mkato, zikariri:

- Chaji +1: Na⁺, K⁺, NH₄⁺, Ag⁺, H⁺
- Chaji +2: Mg²⁺, Ca²⁺, Ba²⁺, Zn²⁺, Cu²⁺, Pb²⁺, Fe²⁺
- Chaji +3: Al³⁺, Fe³⁺
- Chaji −1: Cl⁻ (kloridi), Br⁻ (bromidi), I⁻ (iodidi), NO₃⁻ (naitreti), OH⁻ (haidroksidi), HCO₃⁻, CH₃COO⁻
- Chaji −2: SO₄²⁻ (salfeti), CO₃²⁻ (kaboneti)
- Chaji −3: PO₄³⁻ (fosfeti)

Pili, kanuni za uyeyukaji. Zisome kwa mpangilio huu, kwa sababu kanuni ya juu inaishinda ya chini:

1. Chumvi zote za sodiamu, potasiamu na amoniamu zinayeyuka.
2. Naitreti zote zinayeyuka.
3. Kloridi, bromidi na iodidi zinayeyuka, isipokuwa za fedha (Ag⁺), risasi (Pb²⁺) na zebaki(I).
4. Salfeti zinayeyuka, isipokuwa za bariamu na risasi. Ya kalsiamu inayeyuka kidogo tu.
5. Kaboneti na fosfeti haziyeyuki, isipokuwa zilizotajwa kwenye kanuni ya 1.
6. Haidroksidi haziyeyuki, isipokuwa za kanuni ya 1 na ya bariamu. Ya kalsiamu inayeyuka kidogo, ndiyo maana maji ya chokaa, yaani myeyusho wake, yapo.

Tatu, karatasi, penseli na kifutio. Usianze na kalamu ya wino, utafuta sana mwanzoni.

Kama unafanya kwa vitendo, ongeza neli za majaribio, dropa, maji yaliyokenekwa na miwani ya kukinga macho. Naitreti ya fedha ikikugusa huacha madoa meusi ambayo hayatoki kwa sabuni. Chumvi za risasi na za bariamu zinazoyeyuka ni sumu: usizimwage kwenye sinki, zikusanye kwenye chombo cha taka ambacho fundi wa maabara atakuonyesha.

Hatua zenyewe

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho: naitreti ya risasi(II) inachanganywa na iodidi ya potasiamu. Miyeyusho yote miwili haina rangi, ukiitazama utadhani ni maji.

1. Andika ayoni zilizomo kwenye kila chupa.

Pb(NO₃)₂: Pb²⁺ na NO₃⁻
KI: K⁺ na I⁻

Hapa usihangaike na idadi. Unataka majina na chaji tu. Na usiivunje ayoni yenye atomu nyingi: NO₃⁻ inabaki NO₃⁻. Mtu anayeandika N na O₃ kando kando ameshapotea kabla ya kufika popote.

2. Zibadilishie wenzi.

Kila ayoni chanya ipe ayoni hasi ya chupa ya pili. Unapata jozi mbili mpya: Pb²⁺ na I⁻, K⁺ na NO₃⁻. Ayoni chanya haiungani na chanya, wala hasi na hasi.

3. Pitisha kila jozi kwenye kanuni.

K⁺ na NO₃⁻: kanuni ya 1 inasema inayeyuka, na kanuni ya 2 pia. Hakuna kitu hapo. Pb²⁺ na I⁻: kanuni ya 3 inasema iodidi zinayeyuka isipokuwa ya fedha, risasi na zebaki(I). Risasi imo. Kwa hiyo mashapo ni iodidi ya risasi.

Kama jozi zote mbili zinayeyuka, na hakuna maji wala gesi inayotengenezwa, simama hapo. Andika "hakuna mmenyuko" na uende swali linalofuata. Mtahini hupenda kuweka swali la namna hii katikati ya mengine, na wanafunzi wanaona aibu kuacha nafasi tupu, basi wanabuni mashapo. Ukichanganya chumvi ya kawaida na naitreti ya potasiamu unapata maji yenye ayoni nne zinazoelea, basi.

4. Andika fomula ya mashapo kwa kufuata chaji.

Hapa ndipo alama nyingi zinapotea. Pb ina +2, I ina −1, hivyo zinahitajika I⁻ mbili kusawazisha Pb²⁺ moja: PbI₂. Namba ndogo za chini za chumvi ulizoanza nazo hazihami. Ile 2 ya Pb(NO₃)₂ ilikuwepo kwa sababu ya naitreti, haina deni lolote kwa iodidi. Katika mfano huu imetokea tu kwamba namba zinafanana, na hilo huwadanganya wengi wakadhani wamezihamisha na mambo yakaenda sawa. Jaribu na salfeti ya sodiamu, Na₂SO₄, ukichanganya na kloridi ya bariamu, BaCl₂. Anayehamisha namba ataandika Ba₂SO₄ au Na₂Cl₂, na vyote viwili ni makosa. Chaji zinatoa BaSO₄ na NaCl.

5. Andika mlinganyo kamili na uusawazishe, pamoja na alama za hali.

Pb(NO₃)₂(aq) + 2KI(aq) → PbI₂(s) + 2KNO₃(aq)

(aq) ni kilichoyeyuka majini, (s) ni yabisi, (l) ni kimiminika, (g) ni gesi. Usiziache ukidhani utaziongeza baadaye, kwa sababu hatua ya sita inazitegemea zenyewe.

6. Vunja kila chenye (aq) kuwa ayoni.

Chumvi zinazoyeyuka zivunje, sambamba na asidi kali kama HCl, HNO₃ na H₂SO₄ na besi kali kama NaOH na KOH. Vingine viache vizima: mashapo, gesi, maji, na asidi dhaifu kama asidi ya siki (CH₃COOH). Amonia nayo huandikwa NH₃(aq), haivunjwi.

Pb²⁺(aq) + 2NO₃⁻(aq) + 2K⁺(aq) + 2I⁻(aq) → PbI₂(s) + 2K⁺(aq) + 2NO₃⁻(aq)

Angalia zile mbili zinakotoka. Pb(NO₃)₂ moja inatoa NO₃⁻ mbili kwa sababu ya namba ndogo ya chini. KI mbili zinatoa K⁺ mbili na I⁻ mbili kwa sababu ya namba ya mbele. Kama zote mbili zipo, zinazidishwa: 3BaCl₂ inatoa 3Ba²⁺ na 6Cl⁻. Kloridi ikishakuwa huru kwenye maji inaandikwa 2Cl⁻. Ukiandika Cl₂²⁻ umebuni kitu ambacho hakimo kwenye neli yako, na ukiandika Cl₂ umetengeneza gesi ya klorini yenye sumu.

7. Kata watazamaji.

Ayoni inayoonekana kushoto na kulia ikiwa vile vile, kwa chaji ile ile na hali ile ile, haikufanya kazi yoyote. Hapa ni K⁺ na NO₃⁻. Zikate zote pande mbili. Kinachobaki ndicho mlinganyo halisi wa ayoni:

Pb²⁺(aq) + 2I⁻(aq) → PbI₂(s)

8. Punguza namba, kisha kagua mara mbili.

Kagua atomu: Pb moja kushoto, moja kulia, I mbili kushoto, mbili kulia. Kagua chaji: kushoto +2 na −2 ni sifuri, kulia sifuri. Chaji ya pande mbili lazima ilingane. Ukikuta kushoto +1 na kulia 0, kuna ayoni umeisahau au namba umeiacha njiani.

Ukifanya hili kwenye neli, dondosha tone moja tu la KI kwanza. Njano iliyoiva kama kiini cha yai hujitokeza papo hapo pale tone linapogusa, kabla hujatikisa. Ukiyapasha moto mashapo machache pamoja na maji mengi, yatayeyuka na maji yatarudi kuwa bila rangi. Acha neli ipoe taratibu bila kuitikisa: iodidi ya risasi inarudi ikiwa vipande vidogo vya fuwele vinavyometameta rangi ya dhahabu, vikishuka polepole. Fanya jaribio hili hata kama halimo kwenye mtihani wako, maana hutasahau tena kwamba "haiyeyuki" ni suala la kiasi na joto.

Mfano wa pili, wenye mtego wa namba

Salfeti ya aluminiamu na kloridi ya bariamu. Jozi mpya ni Al³⁺ na Cl⁻ (inayeyuka), na Ba²⁺ na SO₄²⁻ (kanuni ya 4, mashapo). Mlinganyo kamili:

Al₂(SO₄)₃(aq) + 3BaCl₂(aq) → 3BaSO₄(s) + 2AlCl₃(aq)

Ukivunja na kukata Al³⁺ mbili na Cl⁻ sita, unabaki na:

3Ba²⁺(aq) + 3SO₄²⁻(aq) → 3BaSO₄(s)

Jibu bado halijakamilika. Gawanya zote kwa 3:

Ba²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s)

Sasa umejibiwa lile swali la namba 3. Na tazama jambo jingine: aluminiamu imetoweka kabisa. Ungetumia salfeti ya sodiamu, ya magnesiamu au ya zinki, mlinganyo halisi ungekuwa huu huu. Ndiyo maana kloridi ya bariamu inatumika kutambua salfeti yoyote bila kujali imetoka kwenye chumvi gani. Mashapo haya ndiyo yanayonyweshwa wagonjwa hospitalini kabla ya picha ya eksirei ya tumbo. Ba²⁺ ni sumu, lakini BaSO₄ huyeyuka kiasi cha miligramu 2 hivi tu kwa lita ya maji, kwa hiyo hupita tumboni bila kudhuru.

Mfano wa tatu, ambao hauna watazamaji

Haidroksidi ya bariamu na salfeti ya shaba(II). Jozi: Ba²⁺ na SO₄²⁻ ni mashapo. Cu²⁺ na OH⁻ nayo ni mashapo. Usishtuke, yote mawili yanashuka pamoja:

Ba²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) + Cu²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) → BaSO₄(s) + Cu(OH)₂(s)

Hakuna cha kukata. Mlinganyo wa ayoni wote ndio mlinganyo halisi. Wanafunzi wengi hukata kitu kwa nguvu kwa sababu wamezoea kukata.

Makosa ya kuepuka

Mengi nimeyataja njiani. Yaliyobaki ni haya.

Usivunje mashapo. Ukiandika Ag⁺ + Cl⁻ kulia badala ya AgCl(s), kila kitu kitakatika na utabaki na karatasi tupu, kisha utasema hakuna mmenyuko wakati neli imejaa weupe mbele yako.

Usichanganye Fe²⁺ na Fe³⁺. Chuma(II) na haidroksidi hutoa Fe(OH)₂, kijani kilichofifia. Chuma(III) hutoa Fe(OH)₃, rangi ya kutu. Namba ya Kirumi kwenye jina ndiyo chaji.

Usiandike kaboneti ya aluminiamu wala ya chuma(III) kama mashapo. Kanuni ya 5 itakusukuma huko, lakini majini chumvi hizo hazipatikani. Kinachoshuka ni haidroksidi, na gesi inatoka:

2Al³⁺(aq) + 3CO₃²⁻(aq) + 3H₂O(l) → 2Al(OH)₃(s) + 3CO₂(g)

Na kama kitendanishi kimoja ni yabisi tangu mwanzo, kiache kizima. Kipande cha jiwe la chokaa kwenye asidi ya HCl ni CaCO₃(s) + 2H⁺(aq) → Ca²⁺(aq) + CO₂(g) + H₂O(l).

Rangi za kukumbuka maabara

AgCl nyeupe, AgBr rangi ya malai, AgI njano iliyofifia. PbI₂ njano kali. Cu(OH)₂ bluu nyepesi. Haidroksidi za zinki, aluminiamu, risasi, magnesiamu na kalsiamu zote ni nyeupe, hivyo rangi pekee haitoshi kuzitofautisha. Soma sehemu inayofuata.

Mambo yakienda kombo

*Mashapo yalitokea, nikaongeza zaidi, yakapotea.* Hukukosea. Haidroksidi za zinki, aluminiamu na risasi huyeyuka kwenye NaOH ya ziada. Kwa zinki: Zn(OH)₂(s) + 2OH⁻(aq) → [Zn(OH)₄]²⁻(aq). Kwenye amonia ya ziada, ya zinki huyeyuka lakini za aluminiamu na risasi hubaki. Ya shaba kwenye amonia ya ziada hugeuka myeyusho wa bluu iliyokolea. Ndiyo sababu maelekezo husema "tone kwa tone, kisha mpaka izidi". Ukimimina yote mara moja, hatua ya kwanza inakupita na huna cha kuandika.

*Maji ya chokaa yaligeuka maziwa, kisha yakawa safi.* Umepuliza CO₂ ndani yake muda mrefu mno. CO₂ ya ziada huyeyusha kaboneti: CaCO₃(s) + CO₂(g) + H₂O(l) → Ca²⁺(aq) + 2HCO₃⁻(aq).

*Kanuni inasema mashapo, neli haina kitu.* Angalia kama chumvi yako ni ya zile zinazoyeyuka kidogo. Salfeti ya kalsiamu huyeyuka takriban gramu 2 kwa lita, kwa hiyo miyeyusho hafifu sana haitoi chochote. Kloridi ya risasi nayo huyeyuka kwenye maji ya moto, basi ipoze neli kwanza.

*Naitreti ya fedha inatoa weupe kwenye kila kitu.* Yaelekea ulisuuza neli kwa maji ya bomba, ambayo yana kloridi. Tumia yaliyokenekwa. Au sampuli ina kaboneti, ambayo nayo hushuka na fedha. Weka kwanza asidi ya naitriki hafifu kuiondoa. Usitumie HCl kwa kazi hii, kwa sababu utakuwa umeleta wewe mwenyewe kloridi unayoitafuta. Kwa hoja hiyo hiyo, usiweke asidi ya salfuriki kwenye jaribio la salfeti.

*Chaji hazilingani.* Rudi hatua ya 4. Mara nyingi fomula ya mashapo ndiyo yenye kosa, na kusawazisha hakuwezi kuiponya fomula mbovu.

*Ni lazima nipite hatua zote nane?* Ukizoea, unaweza kuruka kutoka hatua ya 3 hadi ya mwisho: ayoni mbili zinazounda mashapo kushoto, mashapo kulia, sawazisha. Naipenda njia hii kwa kukagua jibu. Kwa mtihani unaodai mlinganyo kamili pia, bado utahitaji hatua ya 5.

Jipime, pamoja na vya nyumbani

Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana Ca²⁺ na HCO₃⁻ kwa wingi. Yakichemka, ukoko mweupe hushika ndani ya birika. Andika mlinganyo wake. Kisha fanya hivyo kwa shabu inayotiwa kwenye maji ya tope: Al³⁺ yake hukutana na HCO₃⁻ ya maji, na utelezi unaotokea hunasa tope na kushuka nalo. Halafu haya:

a) Na₂CO₃ na CaCl₂
b) KNO₃ na NaCl
c) FeCl₃ na NaOH
d) MgSO₄ na Ba(OH)₂
e) Na₃PO₄ na CaCl₂

Usitazame chini kabla ya kumaliza.

Birika: Ca²⁺(aq) + 2HCO₃⁻(aq) → CaCO₃(s) + CO₂(g) + H₂O(l)
Shabu: Al³⁺(aq) + 3HCO₃⁻(aq) → Al(OH)₃(s) + 3CO₂(g)
a) Ca²⁺(aq) + CO₃²⁻(aq) → CaCO₃(s)
b) Hakuna mmenyuko
c) Fe³⁺(aq) + 3OH⁻(aq) → Fe(OH)₃(s)
d) Mg²⁺(aq) + SO₄²⁻(aq) + Ba²⁺(aq) + 2OH⁻(aq) → BaSO₄(s) + Mg(OH)₂(s)
e) 3Ca²⁺(aq) + 2PO₄³⁻(aq) → Ca₃(PO₄)₂(s)

Uliyekosa (e), rudi hatua ya 4 na uifanye upya kwa Mg²⁺ badala ya Ca²⁺.